Makala Iliyotajwa Sana na Mtoto wa Miezi Saba

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mwishoni mwa kila kitabu kikubwa cha Biolojia kilichomo katika maktaba yetu pana orodha ndefu ya majina ya watu na miaka. Msomaji wa kawaida akifika hapo hukifunga kitabu, maana mtihani hauulizi habari za orodha ile. Walakini orodha ile ndiyo uzi unaowaunganisha wataalamu wa dunia nzima, na katika miaka sitini iliyopita imegeuzwa kuwa mizani ya kupimia watu na kazi zao. Nataka kueleza mizani hiyo ilianzaje na inapima nini, kisha nionyeshe kwa mfano mmoja wa elimu ya uzazi kwamba liko jambo kubwa ambalo haliwezi kupimwa nayo kabisa.

Mtaalamu akimaliza utafiti wake huandika makala na kuipeleka kwenye jarida. Wenziwe wawili watatu wenye ujuzi ule ule huisoma na kuichambua, na ikifaa huchapwa. Katika makala hiyo hana budi kutaja kazi za waliomtangulia: fulani alisema hivi mwaka fulani, nami nimeanzia hapo. Huko ndiko kutajwa. Ni adabu, kwa kuwa asiyemtaja aliyemfundisha ni kama mtu aliyevuna shamba la mwenziwe; na tena ni ushahidi, kwa kuwa msomaji mwenye shaka aweza kwenda kuitafuta kazi ile ya kwanza akaihakikishe mwenyewe.

Kuufuata uzi huo kwa kurudi nyuma si kazi. Mjukuu amtaja baba, baba amtaja babu, nawe unafika hata kwa mwasisi wa ukoo. Taabu ni kwenda mbele. Ukiwa umeshika makala ya babu ya mwaka 1920, utawajuaje wajukuu wake, nao wametawanyika katika majarida ya nchi arobaini? Waliotangulia kulitatua jambo hili si wanasayansi bali ni wanasheria wa Marekani. Tangu mwaka 1873 walikuwa na faharasa iliyoanzishwa na Bwana Frank Shepard, ambayo ilionyesha kila hukumu ya zamani imetajwa na hukumu zipi za baadaye, na kama ingali ina nguvu au imekwisha kutenguliwa. Ilimlinda wakili asije akasimama mbele ya hakimu kujitetea kwa hukumu iliyokwisha kufa.

Bwana Eugene Garfield aliichukua hila hiyo ya wanasheria akaitia katika sayansi. Shauri lake alilieleza katika jarida la Science mwaka 1955, na mwaka 1964 kampuni yake mjini Philadelphia ikatoa faharasa ya vitabu vitano vizito, iliyokusanya majarida 613 na kutajwa kupatao milioni 1.4. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta, na mtu yeyote mwenye intaneti aweza kuandika jina la makala akaona papo hapo imetajwa mara ngapi, na nani, na wapi.

Faharasa hiyo iliundwa kwa ajili ya kutafuta. Lakini binadamu akipewa orodha hawezi kujizuia kuhesabu. Wakubwa wa vyuo waliona kwamba makala moja imetajwa mara 2,000 na nyingine mara mbili tu, wakasema: basi tumepata mizani. Likazuka na hesabu la kupima majarida yenyewe. Tuseme jarida moja lilichapa makala 100 katika miaka ya 2023 na 2024 ikijumlishwa, na katika mwaka 2025 makala hizo zikatajwa mara 300. Gawanya 300 kwa 100, jawabu ni 3. Hicho ndicho kipimo cha jarida hilo kwa mwaka 2025. Hesabu hili aliyemaliza darasa la saba aliweza, lakini juu yake watu wamepata kazi na wengine wamekosa.

Kasoro ya kwanza kila mwanafunzi ataiona mara moja, maana ni kasoro ya wastani. Darasa lenye wavulana wawili waliopata alama 95 na wengine wote waliopata 20 laweza kuwa na wastani usiofanana na alama ya mtu yeyote aliyemo. Ndivyo yalivyo majarida: makala chache hubeba mzigo, na nyingi hutajwa mara chache au hazitajwi. Kuiita makala njema kwa sababu ya jarida lililoichapa ni kama kumwita mvulana hodari kwa sababu ya bweni analolala. Kasoro ya pili ni kwamba watu hutaja kinachowafaa kwa kazi yao, wala si lazima kiwe kikubwa. Makala iliyotajwa kuliko zote katika historia ya sayansi ni ya Bwana Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, nayo imetajwa zaidi ya mara 300,000. Inasema nini? Inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini ndani ya chupa. Ni mapishi! Mapishi mema sana, lakini hakuna asemaye kwamba Lowry alimpita Einstein.

Rafiki yangu anayelala kitanda cha juu yangu haafikiani nami. Yeye asema kwamba bila hesabu wakubwa watapeana vyeo kwa undugu na urafiki, na kwamba namba, hata ikiwa na kasoro, haina mjomba. Neno lake lina uzito, nami sikuweza kulipangua usiku ule kabla ya taa kuzimwa. Najibu hapa: namba haina mjomba, lakini anayeichagua namba anaye. Watu wamejifunza kujitaja wenyewe, na kuwataja marafiki ili nao wawataje. Wataalamu wa elimu ya seli waliokutana San Francisco mwezi wa Desemba 1912? La, msomaji asidhani mambo haya ni ya kale. Ni Desemba 2012. Walitoa tamko la kuwasihi wenye vyuo na wenye fedha wasiwapime watu kwa kipimo cha jarida, bali waisome kazi yenyewe.

Sasa niingie katika elimu ya uzazi na ukuaji wa viumbe tangu yai hata kuzaliwa, ambayo ndiyo ninayotamani kuisoma Mungu akipenda. Elimu hii ina mawimbi kama bahari. Palikuwa na wakati wa mayai ya chura na ya kuku. Mwaka 1978 Louise Brown alizaliwa Uingereza, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo la mama, na wimbi la kutungisha mimba katika vyombo likapanda. Mwaka 1980 Bibi Christiane Nüsslein-Volhard na Bwana Eric Wieschaus walionyesha jinsi jeni zinavyompangia buu wa inzi mdogo wa matunda pingili za mwili wake, na vijana wengi wakakimbilia inzi. Kisha yakaja mawimbi ya panya, ya seli mama, na siku hizi ya kusoma jeni za seli moja moja. Wimbi likipanda, kila aandikaye hutajwa, hata aliyeandika jambo dogo. Likishuka, mwenye jambo kubwa hukaa peke yake ufukoni.

Mfano wa aliyekaa ufukoni ni Bwana John Gurdon. Alipokuwa na miaka 15 katika shule ya Eton alikuwa wa mwisho katika Biolojia miongoni mwa wavulana 250, na mwalimu wake aliandika katika ripoti ya mwaka 1949 kwamba kutaka kwake kuwa mwanasayansi ni upuuzi. Ripoti hiyo aliitia katika fremu akaiweka juu ya meza yake ya kazi. (Naiandika habari hii kwa faida ya wenzangu wa mkondo wetu, nao wanajijua.)

Swali lake lilikuwa hili: seli ya utumbo na seli ya ngozi zote zimetokana na yai moja. Je, seli ikishakuwa ya utumbo, imezitupa amri nyingine zote za kujenga mwili, au imezikunja na kuziweka kabatini? Wamarekani wawili, Briggs na King, walikuwa wamehamisha viini vya seli za chura tangu mwaka 1952, na wakaona kwamba kiini kikitoka katika mimba iliyokwisha kukomaa kidogo kazi huharibika. Gurdon alimtumia chura mwingine, yule wa kusini mwa Afrika mwenye kucha miguuni, ambaye jamaa zake wa karibu wanaishi katika mabwawa ya huku kwetu Afrika Mashariki. Chura huyo alifikaje Oxford? Kwa sababu ya uzazi pia! Katika miaka ya 1930 watu wa Cape Town waligundua kwamba chura huyo jike akichomwa sindano ya mkojo wa mwanamke mwenye mimba hutaga mayai, basi akasafirishwa kwa maelfu kwenda hospitali za ng'ambo kuwa kipimo cha mimba. Vipimo vya kisasa vilipokuja, vyura walikuwa wamekwisha kuzoeleka katika maabara.

Gurdon alitoa kiini katika seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia ndani ya yai ambalo kiini chake kimeuawa. Alifanya hivyo mara 726. Mara 10 tu alipata kiluwiluwi kamili. Mia kwa moja na nusu! Mwalimu wetu angeandika chini yake kwa wino mwekundu. Lakini kwa swali lile hata mmoja angetosha, kwa sababu mmoja ni ushahidi kwamba amri zote zimo kabatini. Makala ilichapwa mwaka 1962 katika jarida lisilo na makelele mengi, na kwa miaka kadhaa wengi hawakuamini. Mwaka 1996 alizaliwa kondoo Dolly huko Scotland kwa njia ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2006 Bwana Shinya Yamanaka wa Japani akachukua seli za ngozi ya panya, akazitia jeni nne tu, zikarudi kuwa kama seli za mimba changa. Huyu Yamanaka alizaliwa mwaka 1962, mwaka ule ule wa makala ya chura. Mwaka 2012 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel pamoja. Miaka 50 kutoka kazi hata tuzo, na kipimo cha majarida huangalia miaka miwili.

Upo na mfano wa upande wa pili. Mwaka 2004 na 2005 Bwana Hwang Woo-suk wa Korea ya Kusini alichapa katika jarida la Science makala mbili za kusema amepata seli mama kutoka mimba za binadamu alizozitengeneza kwa kuhamisha viini. Dunia ilishangilia, zikatajwa huku na huku. Mwezi wa Januari 2006 jarida likazifuta, maana zilikuwa za kubuni. Kutajwa hakuna sauti. Namba haisemi kama umetajwa kwa sifa au kwa aibu.

Lakini mambo ya chura na ya Hwang ni mambo ya wataalamu wenyewe kwa wenyewe. Lililonisukuma kuandika ni la mtoto njiti.

Mtoto akizaliwa kabla ya siku zake, shida yake kubwa ya kwanza ni pumzi. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vya hewa kwa mamilioni, na kila kifuko kina unyevu. Chukua mfuko mwembamba wa plastiki uliolowa ndani, kisha jaribu kuupanua: kuta zake zimeng'ang'aniana. Vifuko vya mapafu vingeng'ang'aniana vivyo hivyo kila tunapotoa pumzi, ila kwa kuwa mwili hutengeneza majimaji yenye mafuta yanayofanya kazi kama sabuni, yakaulegeza mvuto wa maji. Mtoto tumboni huanza kuyatengeneza kwa uchache katika wiki ya 24 hivi, na huwa nayo ya kutosha karibu na wiki ya 35. Akizaliwa kabla ya hapo, kila pumzi kwake ni kama pumzi ya kwanza. Hujitahidi saa nyingi, mbavu zikiingia ndani, kisha huchoka.

Kwamba shida ni ukosefu wa sabuni hiyo walilionyesha Bibi Mary Ellen Avery na Bwana Jere Mead huko Boston mwaka 1959. Kujua hakukuwa kutibu. Tarehe 7 Agosti 1963 Rais Kennedy wa Marekani alizaliwa mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na nusu kabla ya wakati. Mtoto huyo wa mtu mwenye uwezo kuliko wote duniani alikufa tarehe 9 Agosti kwa ugonjwa huo wa mapafu, na waganga wote wa taifa lile hawakuwa na la kufanya.

Jawabu lilitoka kwa kondoo. Bwana Graham Liggins, mganga wa wanawake mjini Auckland, New Zealand (nchi yenye kondoo wengi kuliko watu), hakuwa akitafuta dawa ya mapafu. Alitaka kujua ni nani anayeamua siku ya kuzaa, mama au mtoto. Aliwachoma wanakondoo waliomo tumboni dawa za jamii ya kotizoli, yaani ile homoni itokayo katika tezi zilizo juu ya figo, naye akaona kwamba kondoo huzaa mapema: amri hutoka kwa mtoto. Mmoja wa wanakondoo hao alizaliwa siku ya 117, na mimba ya kondoo ni siku 147 hivi. Kwa umri huo alipaswa kuwa amekufa. Liggins akamkuta anapumua.

Watafiti wangapi wangeliandika jambo hilo pembeni na kuendelea na swali lao la kwanza? Liggins alilichapa mwaka 1969, kisha yeye na Bwana Ross Howie, mganga wa watoto, wakalijaribu kwa binadamu. Akina mama 282 waliokuwa hatarini kuzaa kabla ya wakati waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa sindano za betamethasoni na wengine hawakupewa. Matokeo yalitoka mwaka 1972 katika jarida la Pediatrics. Katika watoto ambao mama zao hawakupata dawa, 15 katika kila 100 walikufa siku za mwanzo. Kwa waliopata, walikufa 3 hivi katika kila 100. Na wale waliozaliwa kabla ya wiki ya 32, mama zao wakiwa wamewahi kupata dawa saa 24 kabla ya kuzaa, walioshikwa na ugonjwa wa mapafu walikuwa 11.8 katika 100, ambapo wasiopata walikuwa 69.6.

Hebu soma tena namba hizo mbili za mwisho.

Sasa msomaji atadhani kwamba mwaka 1973 kila hospitali kubwa ilikuwa na sindano hiyo tayari. Haikuwa hivyo. Makala haikufichika, ni miongoni mwa zinazotajwa sana katika elimu ya uzazi, na majaribio mengine yalifuata katika nchi mbalimbali. Lakini mengi yalikuwa madogo, na kila moja likisimama peke yake lilionekana kama ushahidi dhaifu. Waganga waliogopa kwamba dawa italeta maambukizo au itadhuru ubongo. Wakaendelea kuandikiana na kubishana, na kila ubishi ukaongeza idadi ya kutajwa. Katika faharasa ya Garfield ule ulikuwa ufanisi. Kitandani kwa mama palikuwa pale pale.

Aliyeuvunja ubishi huo hakugundua kitu kipya. Bibi Patricia Crowley wa Ireland aliyakusanya majaribio yote yaliyofanywa vizuri, akayajumlisha, na mwaka 1990 yeye na wenzake wakachapa hesabu ya majaribio 12: vifo vilipungua, wala madhara yaliyoogopwa hayakuonekana. Mwaka 1994 Taasisi ya Afya ya Taifa ya Marekani iliita mkutano, ikakiri kwamba katika nchi ile chini ya mama mmoja katika kila watano waliostahili ndiye aliyekuwa akipata sindano, kisha ikashauri kwamba itumiwe. Tangu 1972 hata 1994 ni miaka 22. Shirika la Cochrane, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1993 kwa kazi hiyo hiyo ya kukusanya majaribio, limeichora aibu hiyo katika nembo yake: mistari saba ya mlalo, kila mmoja ukiwa jaribio moja la dawa hii, na chini yake almasi ya jumla yao. Kila wanapoandika barua, mistari ile iko juu ya karatasi.

Mama yangu mdogo alijifungua mtoto wa kiume mimba ikiwa ya wiki 31. Kabla ya hapo alichomwa sindano nne, moja kila baada ya saa kumi na mbili, na mkunga hakumweleza mengi ila kwamba ni za kumsaidia mtoto kupumua. Mtoto alifungwa kifuani pake kwa khanga majuma mengi, leo anakimbiza kuku. Niliposoma habari za mwanakondoo wa Auckland ndipo nilipojua sindano zile ni za ukoo gani. Siwezi kusema kwamba ndizo zilizomwokoa. Mtoto mmoja si jaribio. Lakini tangu siku hiyo orodha za mwishoni mwa vitabu nazisoma.

Na hapa habari yafika kwetu. Ushahidi wote huo hata mwaka 1994 ulitoka zaidi katika hospitali za nchi tajiri. Watu wakasema: dawa ni rahisi, yaokoa, basi ipelekwe kila mahali, hata zahanati za vijijini. Likafanywa jaribio kubwa katika nchi sita, Argentina, Guatemala, India, Pakistani, Zambia na jirani zetu wa Kenya, lililohusu watoto karibu 100,000, likachapwa katika jarida la Lancet mwaka 2015. Matokeo yalimshtua kila mtu. Katika watoto wadogo sana dawa haikupunguza vifo, na katika watoto wote kwa jumla vifo viliongezeka: 27.4 katika kila 1,000 mahali ilipoenezwa, na 23.9 mahali pengine.

Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali. Ukienda mbali na hospitali kubwa, mara nyingi umri wa mimba hukadiriwa tu, kwa hiyo waliochomwa wengi walikuja kuzaa watoto waliotimia, ambao hawakuihitaji. Kadhalika, dawa ya namna hii hupunguza nguvu ya mwili kupambana na maambukizo, na mtoto aliyesaidiwa mapafu bado anahitaji joto, maziwa na mlezi. Makala ya 1972 ilikuwa ya kweli, tena kweli tupu, lakini ilikuwa kweli ya Auckland. Aliyeitaja mara elfu bila kuuliza hospitali ile ilikuwa na nini kingine zaidi ya sindano alikuwa ameinukuu nusu.

Shirika la Afya Duniani likaanza upya. Katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistani, akina mama 2,852 wa wiki 26 hadi 33 walipimwa umri wa mimba kwa mashine ya ultrasaundi, kisha wengine wakapewa deksamethasoni na wengine maji yasiyo na dawa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufika mwisho wake uliopangwa, kwa kuwa faida ilikwisha kuonekana. Habari zilichapwa mwaka 2020: walikufa watoto 19.6 katika kila 100 kwa waliopata dawa, na 23.5 kwa wasiopata. Tofauti si kubwa kama ile ya Auckland, lakini ni ya hospitali zinazofanana na zetu. Kwa maoni yangu jaribio hili la 2020 lina thamani kwetu kuliko makala mia za seli moja moja, hata kama namba za kutajwa zitasema vingine.

Kwa ushauri wake wa mwaka 2022 shirika hilo linataka sindano itolewe kwa mama wa wiki 24 hadi 34 atarajiwaye kuzaa ndani ya siku saba, umri wa mimba ukiwa umejulikana sawasawa, mama akiwa hana dalili za maambukizo, na pakiwapo huduma ya kutosha kwa mama wakati wa kujifungua na kwa mtoto baadaye. Masharti hayo yanalikumbusha jaribio la 2015, lile ambalo wengi walilihesabu kuwa limeshindwa.

Watoto waliozaliwa kabla ya wakati duniani katika mwaka 2020 walikadiriwa kuwa milioni 13.4. Ni wangapi kati ya mama zao waliochomwa sindano ilivyopasa? Ukitaka kujua makala ya Liggins na Howie imetajwa mara ngapi, kompyuta ya maktaba itakujibu kabla hujakaa vizuri kitini. Swali hili lingine limeandikwa kwa kalamu katika madaftari ya wodi za wazazi, daftari moja kwa kila hospitali.

Chama cha Sayansi kimemwomba mkunga mmoja wa hospitali ya wilaya aje kutuzungumzia muhula ujao, Jumamosi ya pili, saa kumi jioni, katika maabara ya Biolojia. Nimemwomba katibu amsihi aje na mfano wa daftari hilo, kurasa tupu zisizo na majina ya wagonjwa. Wa Kidato cha Pili nao wanakaribishwa, ila waje na viti vyao.